Niliuza Pijo la Mzee Sudi, Kisha Nikamwita Mwizi

Mkosaji ni mimi. Natanguliza hilo asije mtu akaanza kunitetea njiani. Niliuza gari la mtu aliyenifundisha kazi, na alipokuja kulidai nikampigia kelele za mwizi, mchana kweupe, pale Gerezani, mtaa wa magereji. Tena ingekuwa kelele tu, afadhali. Aliyempiga wa kwanza ni mimi.

Jina langu liacheni. Wanaonijua watanijua hapohapo kwenye mstari wa tatu, na wasionijua wamshukuru Mungu.

Mzee Sudi alinitoa Buguruni nikibeba magunia ya viazi sokoni. Akanipa ovaroli yake kuukuu, akanipa spana, akasema, "Wewe una mikono, huna adabu tu. Adabu nitakutia." Miaka tisa nimekula kwake. Sikumlipa hata senti ya ada.

Yule mzee, jamani, injini alikuwa haiangalii. Anaisikiliza! Anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini anaubana kwenye sikio la kulia, anafumba macho. Kimya. Halafu anasema, "Vali ya tatu." Unafungua unakuta kweli, vali ya tatu. Wenye magari walikuwa wanatoka mpaka Kariakoo, Wahindi wa maduka ya vitambaa na Wachaga wa maduka ya jumla, wanamfuata yeye na sikio lake.

Na yeye alikuwa na gari lake, Pijo 404, rangi ya maziwa. Alilinunua kwa Mhindi mmoja mteja wake, akalifanya teksi, akasomeshea watoto. Kabureta ilipokufa akalipandisha juu ya mawe pembeni ya ukuta wa gereji. Tulimwambia, mzee, funga kabureta ya gari jingine, twende. Akagoma kabisa. "Hili halivai viatu vya mtu. Nitaitafuta yake."

Basi likakaa pale. Kila Jumamosi analifuta vumbi, anatia mafuta kwenye bawaba za milango. Alikuwa anasema siku mikono ikichoka kushika spana, atarudi kwenye teksi amalizie uzee wake ameketi. Lile gari ndilo lilikuwa pensheni yake, hakuwa na nyingine. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mkewe akaugua huko Tanga, mzee akaondoka kwenda kumuuguza. Alinishika bega. "Mwanangu, Pijo nakuachia wewe. Wasitoe hata skrubu." Nikamjibu, "Labda wapite juu ya maiti yangu, baba." Maneno yangu hayo, kwa mdomo wangu huu.

Ukapita mwaka na zaidi. Na kipindi kile ndipo kila kitu kilipogeuka.

Ruksa ilikuwa imeingia, biashara imefunguliwa, kila mtu anaingiza bidhaa anayotaka. Magari ya Kijapani yanashuka bandarini kila siku, hayaharibiki, na yakiharibika hayatutaki sisi. Mafundi wa magari ya kizamani tunakaa kucheza bao mpaka saa kumi. Halafu ghafla bei ya chuma chakavu ikapaa. Skrepa! Mji mzima ukaingiwa na wazimu. Ukianika sufuria nje unaikuta kwenye mizani. Mifuniko ya mitaro ikaondoka, watu wakawa wanatumbukia. Mageti yakaondoka. Mtu alifungua uzio wa kaburi la babu yake, nilimwona kwa macho yangu anaupakia kwenye mkokoteni.

Yakafuata magari. Gerezani ilikuwa imejaa magari yaliyolala, Morisi, Bedifodi, Landrova za tangu mkoloni. Wengine hata sahani za kulia walikuwa wanaziweka juu ya boneti zake. Yote yaliondoka. Kila asubuhi unakuta ukuta mwingine mtupu, nyasi zimekauka kwa umbo la gari. Mchana kutwa ni nyundo na gesi ya kukatia, mpaka unarudi nyumbani masikio yanalia.

Mnunuzi mmoja, pande la mtu, akaja na lori lake na wapasuaji wanne. Akaligonga Pijo kwa kiganja. "Hili la nani?"

Nikasema, "Langu."

Neno dogo kama hilo! Halikunikwama hata kidogo. Nikaongeza kwamba mzee mwenye nalo kaniuzia, kahamia kwao, harudi. Wengi wa wale waliokuwepo gereji siku hizo walikuwa wageni, Mzee Sudi wanamsikia tu. Yule mnunuzi akanitazama sana. "Sikiliza. Wiki jana nimeuziwa gari la mtu, nikaitwa polisi. Nikigundua hili lina mwenyewe, gesi inayokata chuma inakata na mfupa."

Nikacheka. Nikapokea hela, nikanunua kitanda cha sita kwa sita na redio kaseti kubwa yenye taa. Mke wangu akaniuliza zimetoka wapi, nikamwambia kazi zimerudi.

Siku ya tatu wakaja kulipasua.

Sikutaka kuangalia, lakini niliangalia. Walianza na vioo, kwa nyundo, wakicheka. Wakalipindua, likalala chali. Wakaingiza gesi kwenye nguzo za paa, rangi ikababuka, ikanuka. Paa likakatika, wakalikunja kwa kulirukia. Mlango wa dereva ulikataa kutoka, bawaba zile zina mafuta ya Jumamosi zote zile, kutu haijazila, wakaukata kwa shoka wakautupia kwenye lori. Nikajisemea, chuma hakina roho, wewe. Chuma ni chuma.

"Mnafanya nini hapo?"

Sauti ile! Niligeuka nikamwona Mzee Sudi. Kanzu, kofia, amekonda, mkononi kashika furushi la khanga. Katoka stendi moja kwa moja, hata kwa binti yake hajapita.

Aliweka furushi chini polepole. Akapanda kwenye lori, uzee wote ule, akaukamata ule mlango wa dereva akaanza kuuvuta ushuke. Mpasuaji mmoja akamsukuma. Mzee akamtia kofi. Nyundo zote zikanyamaza.

Mnunuzi akanigeukia mimi. "Huyu nani?"

Mzee naye akaniona. Akasema, bila hasira yoyote, "Waambie, mwanangu. Waambie gari la nani."

Ndugu zangu, nilikuwa na pumzi moja tu ya kuamua. Gerezani mwizi wa gari hapelekwi kituoni. Nilimwona mmoja aliyeiba betri tu, wakamchoma, alichobaki nacho ni waya za tairi shingoni. Nikatazama lile shoka, nikatazama mtungi wa gesi. Na kinywa changu kikafunguka.

"Mwizi! Mwizi huyo! Mwizi!"

Kelele ile ukishaitoa huwezi kuirudisha. Walitoka kwenye vibanda vya spea, walitoka upande wa Kariakoo wakiruka mitaro, kila mtu kashika alichokiokota. Wakamshusha mzee kwenye lori kwa kuvuta kanzu. Kofia ikakanyagwa.

Sasa wageni wa mji hawajui, mchezo ule una utaratibu wake. Mwenye mali ndiye anayefungua. Watu wanatengeneza duara, wanamsubiri aliyeibiwa apige la kwanza, ndipo wao waingie. Asipopiga, watu wanaanza kuulizana. Mnunuzi akapaza sauti, "Haya, mwenye mali, fungua!" Na wote wakanitazama mimi.

Mkononi nilikuwa na spana kubwa. Alinipa yeye, siku aliyoniambia nimeshakuwa fundi.

Nilimpiga nayo. Kichwani, upande wa kulia, juu ya sikio. Nilisikia mlio wake, na hautanitoka mpaka naingia kaburini. Mzee hakulia. Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa jina ambalo si lake, halafu magoti yakamwishia.

Wakamvamia. Mbao, mawe, mateke. Mtu aliyevaa tai na kushika mkoba alimkanyaga mkono mara mbili akaendelea na safari yake! Vumbi likapanda, damu ikaloanisha mchanga, na mimi niko palepale, nakohoa vumbi. Mtu akaita, "Tairi! Leteni tairi!" Na Gerezani tairi si kitu cha kutafuta. Likaja likibingirishwa.

Aliyemwokoa hakuwa mimi. Alikuwa Mama Zaina, mama ntilie wetu, aliyekuwa jikoni kwake nyuma ya gereji. Alikuja mbio na sufuria ya maharage yanayochemka, akawamwagia miguuni bila kuchagua. Watu wakaruka wakitukana. Akasimama juu ya mzee, miguu huku na huku, kashika mwiko.

"Haya, nichomeni na mimi! Washenzi nyie! Huyu ni Mzee Sudi! Kala kwangu miaka kumi na moja! Hilo gari mnalopasua ni lake, muulizeni huyo mbwa aliyeshika spana!"

Halafu sauti moja kutoka nyuma, "Sasa kama huyu ndiye mwenyewe, mwizi nani?"

Macho yote yakanirudia. Tairi lilikuwa bado liko pale, halijavishwa mtu. Mnunuzi alishaokota shoka. Mkojo ulinitoka, nasema ukweli, ulinitoka mpaka viatuni.

Mzee Sudi akainua mkono mmoja, ule ambao haukuvunjika. Damu inamtoka sikioni, sauti ni ya kukwaruza.

"Mwanangu huyo. Tumegombana... mambo ya nyumbani. Mwacheni."

Basi. Duara likalegea. Mmoja akasonya, "Mnatupotezea muda bure." Wakatawanyika kwenye shughuli zao. Mnunuzi akatema mate miguuni pangu, akapakia vilivyobaki, lori likaondoka na Pijo lote. Hata mlango hakuuacha.

Mama Zaina ndiye aliyeokota lile furushi la khanga mchangani. Alilifungua mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na kabureta ya 404, imepakwa grisi vizuri, imefungwa gazeti. Miaka yote ile alikuwa akiitafuta, na aliipata huko Tanga, mke amemfia, yeye anarudi mjini aanze upya na teksi yake. Mama Zaina akanitupia kifuani. "Chukua! Kauze na hii!"

Mzee hakufa. Mkono uliunga, umepinda. Lakini sikio la kulia lilikufa palepale, na la kushoto halijawahi kumsikilizia injini. Alijaribu, nimeambiwa. Aliletewa gari, akaweka bisibisi sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu sana. Kisha akamrudishia mtu bisibisi yake. Hakushika spana tena.

Mimi je? Mke wangu alisikia habari sokoni, kwa watu. Alirudi akakitandua kile kitanda, akalala na watoto sakafuni, siku tatu bila neno. Ya nne akaondoka nao. Gereji hakuna aliyenifukuza, ila nikiomba spana hakuna anayesikia. Nikaacha ufundi. Siku hizi napaa samaki soko la Feri, na nanuka kazi yangu.

Nilikaa miezi minane ndipo nikapata ujasiri wa kwenda kwa binti yake, Rehema, Buguruni, alikokuwa anaishi mzee. Nilibeba kabureta. Nilimkuta ameketi kibarazani anatazama njia.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Nikarudia kwa nguvu. Kimya. Rehema akatoka ndani na beseni, akanikazia macho. Akasema, "Umesimama upande uliouua. Zunguka huku."

Nikazunguka mpaka upande wa kushoto. Nikachuchumaa. "Shikamoo, baba."

Safari hii alinisikia, najua alinisikia, maana aligeuka akaniangalia usoni. Aliniangalia kwa kituo. Halafu akageuza kichwa taratibu, akanielekezea tena lile sikio la kulia, akaendelea kutazama njia yake.

Niliweka kabureta miguuni pake nikaondoka. Ijumaa iliyofuata nilikwenda tena. Kabureta ilikuwa palepale nilipoiweka, pamefagiliwa kuizunguka.

Ewe unayesoma, kama umeachiwa cha mtu, hata kiwe kimeoza juu ya mawe, usikipime kwa bei ya wiki hii. Bei ile ya skrepa ilishuka kabla redio yangu haijaharibika!

Na wewe wa duara, wewe unayeokota jiwe, nakuomba kwa jina la mama yako. Ukisikia mwizi, kabla hujamtazama anayepigwa, mtazame anayepiga. Muulize hata swali moja la kijinga. Siku ile mtu mmoja tu angeniuliza namba ya gari, ningekwama, maana miaka yote niliyoliona likifutwa vumbi sikuwahi kuikariri. Walikuwa watu zaidi ya hamsini, na hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa hii nitakwenda tena. Nitamwamkia upande uleule aliouchagua yeye.