Kitanda Ndani ya Vani ya Samaki

Ramani ya nyumba yangu ya kwanza niliichora nyuma ya barua ya mume wangu. Sikukosa karatasi. Madaftari yangu ya sekondari yalikuwa bado kwenye sanduku kwa mama, yana kurasa tupu tele. Nilitaka tu kila mstari wangu upite mgongoni mwa maneno yake. Upande mmoja alikuwa ameandika: "Vumilia hapo Jinja, nitakutafutia nafasi." Upande wa pili nikachora vani kuukuu ya samaki, nikaiwekea kitanda, jiko na mlango.

Mume wangu alikuwa askari jela. Tulikaa kwenye kota za magereza Jinja, chumba kimoja, mpaka akahamishiwa Mbale. Akatangulia, akasema nimfuate akishapewa chumba. Barua ikaja hiyo moja tu. Kisha chumba chetu cha Jinja akapewa askari mwingine, aliyefika na mke na kuku wanne, na vyombo vyangu vikatolewa nje kwa adabu, sufuria juu ya godoro. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa lesu, nikapanda basi la Mbale.

Chumba alikuwa ameshapewa zamani. Nilijua kwa kuangalia mapazia, yalikuwa yamepauka kwa jua. Mlangoni amekaa mwanamke anapepeta mchele, akaniuliza kwa upole namtafuta nani. Nikamtajia.

"Yuko kazini," akasema. "Mimi ni mke wake. Karibu ukae."

Nikaenda kwa afande mwenye daftari la kota. Pale kambini mambo ni hivi: siku ya ukaguzi, mwanamke atakayekutwa ndani ya chumba ndiye anayeandikwa kuwa mke. Hakuna anayeuliza mahari, hakuna anayeuliza kanisa. Afande akafungua daftari, akapitisha kidole, akanitazama, akamtazama mtoto.

"Mama, hapa mke ameshaandikwa."

"Afande, huyu mtoto ana sura ya nani?"

"Sura naiona. Lakini daftari halina mahali pa sura."

Mume wangu akaitwa. Alikuja amevaa sare, akasimama mbali kidogo nami, kama mtu aliyeogopa kuchafuliwa. "Wewe rudi Jinja kwanza," akasema. "Mimi natafuta nafasi." Wenzake walikuwa wanasikia. Mtoto wetu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede, alimnyooshea mikono yote miwili. Hakumpokea. Akaangalia saa.

Mengine yote nimeshayasahau au najifanya nimeyasahau. Ile saa, hapana.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kota, kulikuwa na duka la hajati mmoja mzee aliyeuza sukari na chumvi kwa magunia. Alikuwa ameona kila kitu akiwa kwenye kiti chake. Akaniita, akanipa maji, akampa mtoto ndizi.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa, Hajati."

"Ungekuwa na kibanda chako hapa, nani angekutoa?" Akaonyesha kwa kidevu kiwanja kitupu ubavuni mwa duka. "Hiki changu. Hakimo kwenye daftari la mtu. Ukipata cha kusimamisha, simamisha. Mimi nataka chai asubuhi tu, hawa wajukuu zangu wanapika maji ya kuoshea."

Nikakitazama kiwanja. Nikautazama mlango wa kota. Mtu akipiga chafya huku, kule wanasikia. Kwenye basi la kurudi sikulia hata kidogo. Nilikuwa napanga.

Masese, kando ya Jinja, kwa mama, nyuma ya nyumba, ndipo iliposimama vani ya marehemu baba. Maisha yake yote alibeba samaki kutoka mwaloni Masese kwenda Mbale. Mimi nilikuwa mtoto wake pekee. Alinifundisha kuendesha nikiwa bado sekondari, na kabla hajafa aliandikisha gari lile kwa jina langu. Mume wangu alikuwa ananisumbua tangu harusi tuliuze. Injini ilikuwa inawaka. Bodi nayo ilikuwa sanduku la bati lisilo na dirisha hata moja, na ukifungua milango ya nyuma, harufu ya samaki inakutokea mbele kama mtu anayekudai.

"Mwanangu," mama akasema, "watu wanatoka kwenye nyumba ya udongo wanahamia ya matofali. Wewe unahamia alikotoka sangara?"

"Sangara hakufukuzwa humo, mama."

Akacheka, lakini aliniletea majivu. Tulisugua bati kwa majivu na ndimu siku tatu, tukaacha ndani makarai ya mkaa yanyonye harufu, tukasugua tena. Ilipungua. Haikuisha, na mpaka leo nikinusa ndimu nahisi niko vitani.

Mipango yenyewe niliifanya kwa chaki. Barua ilikuwa ndogo, na mimi nilitaka kuiona nyumba kwa ukubwa wake. Nikapima ndani ya vani kwa kamba, nikaihamishia kamba kwenye sakafu ya saruji pale mama alipokuwa akianikia mukene, wale dagaa wa ziwani, nikachora. Huku ukuta wa dereva. Huku milango ya nyuma. Kitanda ubavuni, chini yake madebe ya maji na sanduku la nguo. Mikeka ya mafunjo juu, chini ya paa, kuzuia joto la bati. Kamba ya nepi kutoka kona hadi kona. Jiko nikalibana penye nafasi iliyobaki, nyuma ya kiti cha dereva.

Niliishi ndani ya mistari ile kama wiki. Nilikaa mahali pa kitanda nikimnyonyesha mtoto. Nilijifunza kugeuka bila kugonga ukuta ambao haupo. Mama akipita na beseni lake kukatisha jikoni, namfokea.

"Pitia mlangoni!"

"Mlango uko wapi?"

"Huko nyuma. Umeingilia ukutani."

"Samahani, mwenye nyumba," anasema, anarudi, anazunguka na beseni kichwani, anabisha hodi kwenye hewa.

Jambo moja tu lilinishinda kuamua, dirisha. Upande gani? Nilijua vani itakavyosimama kwa Hajati, sambamba na barabara. Upande wa kulia ungetazama Wanale, ukuta ule wa mlima na maporomoko yake, upepo safi. Upande wa kushoto ungetazama mlango wa mume wangu. Nilichora dirisha kulia, nikafuta. Nikachora kushoto, nikafuta.

Nilipoona ramani imeiva nikamwita fundi wa kuchomelea kutoka mjini Jinja, Mwislamu mmoja mzaliwa wa pale, mdomo wake hauna breki. Alikuja na futi yake ya chuma, akaizunguka michoro yangu mikono nyuma, kama afande wa ukaguzi.

"Dada, jiko hili nyuma ya dereva, unapika milango imefungwa?"

"Mvua ikinyesha nitafunga."

"Ukifunga na mkaa humu, hamtaamka. Wewe na mtoto. Nitakuja kuwatoa kwa koleo." Akasema kwa utani, lakini alifuta jiko kwa kiatu chake papo hapo. "Sigiri ikae nyuma, kwenye trei ya kuvuta. Unaivuta, inatoka nje ya mlango, unapika umesimama chini."

"Nyuma hakuna nafasi. Kitanda kimefika mpaka karibu na mlango."

Akapima kitanda. Akapima tena. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kitanda hiki cha nani?"

"Changu na mtoto."

"Hebu lala."

Nikalala kwenye saruji, katikati ya mistari, mtoto akaja akanilalia tumboni. Fundi akachuchumaa miguuni kwangu, akaweka mkono wake kati ya nyayo zangu na mstari. Kiganja kikaingia, kiwiko kikaingia, na bado.

"Na huyu mwingine," akauliza, "anafika saa ngapi?"

Mama alikuwa amesimama na beseni lake. Hakucheka.

Nieleze kosa hilo, maana mwanamke ambaye hakukaa kota hatalielewa. Vitanda vya kota ni vya serikali, vya chuma, vyote saizi moja. Mke wa askari hupima kila kitu kwa kitanda kile: shuka, godoro, pazia la kugawa chumba, hata mkeka. Huhitaji futi. Unajua kwa shubiri zako mwenyewe, kama unavyojua kiasi cha chumvi. Na mume wangu alikuwa mrefu, hata cha serikali kilikuwa hakimtoshi, kwa hiyo tulikiongezea kwa sanduku na mto miguuni. Miaka mitatu nilitandika kitanda na sanduku. Nilipopima kwa shubiri kwenye sakafu ya mama, mikono yangu ilitandika kama ilivyozoea. Nimefukuzwa na mtoto mgongoni, nimekuja kujenga nyumba ya kumkomoa, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuitengea nafasi miguu yake.

Nilijisikia kumpiga mtu, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Nikainuka, nikafuta mstari kwa kisigino mpaka ngozi ikauma.

"Nipime mimi," nikamwambia fundi. "Usiongeze hata kidole."

"Kidole kimoja cha kunyoosha?"

"Nimesema usiongeze."

Akapima. Futi tano na kidogo. Palipokuwa pa miguu ya mume wangu pakatosha trei ya sigiri, kibao cha kusukumia chapati na rafu ya vikombe juu yake. Na hapo ndipo mpango wenyewe ulipokamilika kichwani. Nisingekuwa nalala tu mkabala na kota. Ningepika chai. Askari wote wangevuka barabara kuja kunywa kwangu, na wangemuuliza mwenzao mbona yeye havuki.

Alikuja mwenyewe kabla sijamaliza. Kitanda kilikuwa kimeshachomelewa, rafu iko mahali pake, mikeka ya mafunjo imefungwa, rangi ya mlangoni haijakauka. Mtu alikuwa amempasha habari kwamba ninalifufua gari. Alifika mchana amevaa sare, akamsalimia mama, akampita mtoto, akaenda moja kwa moja kwenye vani akaipiga bodi makofi kama anayenunua ng'ombe.

"Sasa umekuwa na akili," akasema. "Hii gari itabeba mkaa. Mimi na wewe tutatengeneza maisha."

"Afande, usiegemee," fundi akasema, "rangi mbichi."

Akaangalia mkono wake, akaufutia kwenye suruali. Akapanda ndani na viatu, akajitupa kitandani. Viatu vikabaki vinaning'inia hewani juu ya trei ya sigiri. Akajikunja, magoti yakagonga ukuta. Akajinyoosha tena.

"Hii kitanda iko fupi."

"Kimepimwa."

"Fundi, ongeza."

"Chuma kimekwisha, afande," fundi akasema, amekalia rundo la chuma.

Mume wangu akacheka kidogo, ile sauti ya kunibembeleza. Akaniita mama mtoto, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu ahame. Akasema mambo ya Mbale ni ya muda tu, nisiwe na hasira ya kitoto, nimpe gari alitangulize. "Wewe baki hapa. Mimi nitakutafutia nafasi."

"Usitafute," nikasema. "Nafasi nakuja nayo. Wiki hii."

"Unakuja nayo wapi?"

"Kiwanja cha Hajati. Mkabala na mlango wako."

Aliinuka kuelekea mlangoni upesi kiasi kwamba kichwa kikapata rafu ya vikombe. Akabaki ameshika paji la uso, ananitazama. Nikamgeukia fundi.

"Dirisha. Kata kushoto."

"Dada, kulia ndiko kwenye upepo."

"Upepo nitaufuata nje. Kata kushoto."

Fundi akachukua patasi na nyundo, akaweka ncha kwenye bati, akapiga. Kama hujawahi kuwa ndani ya sanduku la bati linapopigwa nyundo, sina la kukueleza. Mume wangu alitoka akiparuza mgongo mlangoni, ameziba masikio kwa mikono yote miwili, ile ile ambayo haikumpokea mtoto, na mtoto akawa anapiga makofi kwa kufuata nyundo. Njia ya kwenda stendi ilipita upande huo wa kushoto. Nikapanda ndani. Bati lilipofunguka tundu la kwanza, nikaweka jicho.

Alikuwa anakwenda, mgongo wa sare yake una rangi yangu ya mlango. Nikamwambia fundi alipanue.