Watoto wa Kilo Kumi

Bi Mgeni Twaha aliajiriwa hospitalini akiwa na miaka thelathini na minne. Kabla ya hapo alikuwa akiuza mitumba ya watoto pale Mchikichini, na kazi ile ilimwachia kipaji kimoja: ukimpa mtoto ambebe, atakuambia suruali ya saizi gani itamfaa, na akikisia uzito wake hatapishana nao sana.

Hospitali haikuwa mbali na viwanja vya Mnazi Mmoja, na wodi ya watoto ilikuwa ghorofa ya tatu. Mgeni alikuwa mhudumu. Alipiga deki, akabadilisha mashuka, akapeleka karatasi za dawa famasi na kurudi na dawa. Miaka kumi na tano alizibeba karatasi hizo bila kuzisoma, maana mwandiko wa madaktari haukusomeka. Mpaka siku mtoto mmoja, Shaibu, alipopewa dawa mara kumi ya ile aliyoandikiwa. Daktari alikuwa ameweka nukta ya desimali. Mtu wa famasi hakuiona. Shaibu alilala siku mbili hajitambui, kisha akapona. Hakuna aliyemlaumu Mgeni. Lakini karatasi ilipita mkononi mwake, na hilo lilimkaa moyoni.

Kwa hiyo kompyuta zilipoletwa, alifurahi kuliko madaktari wenyewe. Sasa daktari aliandika dawa kwenye kompyuta pamoja na uzito wa mtoto, na mfumo ulikokotoa dozi na kukataa iliyozidi. Famasi waliisoma papo hapo. Mgeni alibaki na kazi ya kushuka kuchukua dawa, kila moja ikiwa na lebo iliyochapwa vizuri: jina, umri, uzito, dozi. Lebo hizo alizisoma zote.

Mwezi wa tatu mzani wa wodi uliharibika. Ikapita wiki. Jumanne asubuhi Mgeni alikuwa akipanda ngazi na trei ya dawa za watoto saba, akagundua kwamba lebo za watano kati yao zimeandikwa kilo kumi. Mmoja alikuwa na miaka mitano. Mwingine, Badria, alikuwa na miezi minne, na Mgeni alikuwa amempakata asubuhi ile mama yake alipokwenda kuoga. Mtoto yule hakufika hata kilo sita.

Alipofika wodini alimweleza Sista Agnesi, muuguzi wa zamu, lakini Agnesi alikuwa ameshachukua kichupa na kuanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Daktari ameipitisha, Da Mgeni," alisema. "Na kompyuta imekubali."

"Kompyuta imekubali ilichoambiwa. Nipe dakika kumi nikampime kliniki."

Agnesi alimtazama, kisha akaiweka sindano kwenye trei. "Kumi tu."

Mgeni alimfunga Badria kifuani kwa kanga, akashuka na mama wa mtoto nyuma yake mpaka kliniki ya chanjo. Kilo tano na gramu mia mbili. Akapima tena. Ikawa ileile.

Aliporudi alimkuta Daktari Zarna, binti wa Upanga ambaye hakuwa ametimiza mwaka tangu aanze kazi pale.

"Shikamoo, mama Mgeni."

"Marahaba, daktari. Badria ana kilo tano na gramu mia mbili."

Zarna alikaa kwenye kompyuta akabadilisha uzito. Onyo jekundu likatokea: dozi ilikuwa karibu mara mbili ya inayostahili.

"Mfumo hauendi mbele bila uzito," Zarna alisema. "Mzani umekufa na watoto wanasubiri. Mmoja wetu aliweka kumi, wengine tukafuata. Nilijua nitarekebisha mwenyewe kichwani."

"Leo ulirekebisha?"

"Hapana. Nilikuwa na wagonjwa thelathini."

"Basi tuwapime wote," Mgeni alisema.

Siku ile aliwashusha wanne waliobaki, mmoja mmoja. Kesho yake aliwaomba wauguzi wa kliniki mzani wao wa kuning'iniza. Wakamwambia wao wanamaliza saa saba mchana, baada ya hapo auchukue. Ikawa kila siku saa saba anaupandisha ghorofa ya tatu, jioni anaurudisha. Waliolazwa asubuhi aliwashusha mwenyewe. Magoti yalimuuma, alipaka dawa ya kuchua akaendelea.

Kikao kikaitishwa. Mganga mfawidhi alitaka kuwaandikia madaktari barua ya kuwakumbusha. Mgeni akanyoosha mkono.

"Barua wataisoma leo. Kesho watakuwa na wagonjwa thelathini tena. Naomba kile kisanduku cha uzito kwenye kompyuta kidai jina la aliyepima na saa aliyopima."

Daktari mmoja mtu mzima alikunja uso. "Na mtoto akiletwa ana degedege? Nikatafute mzani kwanza?"

Aliyejibu ni Zarna: katika dharura daktari akadirie, ila lebo iandike wazi kwamba uzito ni wa kukadiria, ili famasi na muuguzi wajue. Keyur, fundi wa mfumo, aliandika yote mawili akaomba wiki mbili.

Zilikuwa tano. Madaktari wawili walimnunia Mgeni kipindi chote hicho. Lakini mfumo ulibadilishwa, naye akapewa neno lake la siri, akawa anaingiza uzito kwa kidole kimoja, polepole, akisoma kila tarakimu kwa sauti mbele ya mama wa mtoto.

Mzani mpya ulikuja mwezi wa saba. Fundi aliyeuleta alisema umeshapimwa kiwandani. Mgeni akatoa kwenye mkoba mfuko wa sukari wa kilo mbili aliokuwa amekwisha kuupima kliniki asubuhi hiyo, akauweka juu. Mzani ukasoma kilo mbili na gramu mia moja.

"Gramu mia si kitu, mama," fundi alisema.

"Kwa mtoto wa kilo mbili ni kitu. Urekebishe."

Fundi alimtazama, akamtazama Sista Agnesi aliyesimama mlangoni, kisha akachuchumaa na kufungua begi lake la vifaa.