Soksi Zangu Miguuni mwa Lipiko

Wiki moja kabla ya tamasha la sanaa la Mkunya, soksi zangu za shule zilipotea sandukuni, nikamfokea kila mtu nyumbani isipokuwa aliyezichukua. Zilikuwa soksi ndefu nyeupe za kidato cha nne. Kisigino cha kushoto nilikuwa nimekishona kwa uzi wa kijani, maana mweupe sikuwa nao. Baba alinisikiliza mpaka nikachoka, akasema, "Panya, mama. Panya wa siku hizi wanavaa soksi."

Siku ya tamasha alituaga asubuhi. Alisema anakwenda Newala mjini kuulizia bei ya korosho kwa wale wanunuzi binafsi walioanza kuingia miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nilimwamini. Nikambeba mwanangu mgongoni, wa kike, miaka mitatu, mzito kama gunia la muhogo, tukashika njia.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Wafinyanzi wamepanga vyungu vyao, wachongaji wanachonga hapohapo, vipande vya mpingo vinarukia watu miguuni. Mwanangu aliokota kimoja, akakifunga kitambaa, akakiita mtoto wake. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mabati. Mfanyabiashara mmoja wa soda alitoa mabati kumi kwa mchezaji bora, na yalikuwa yameegemezwa ukutani mwa darasa, yanang'aa. Nilikasirika kuyaona tu. Mwenye bati hukinga maji ya mvua. Sisi wa nyasi tunashuka mtelemko hadi bondeni kuteka maji, tunapanda na dumu kichwani na mtoto mgongoni, nusu siku imekwisha. Vyeti vya sekondari havikingi maji.

Mchana likatoka lipiko. Lina uso wa mti uliochongwa, na mwili wake wote umefungwa nguo hata ngozi haionekani. Ni mzimu. Sisi wanawake tunajua hivyo, ya ndani ni mwiko kwetu, na hatuongezi neno.

Lilicheza. Lilitetemeka, likakimbia kuelekea kwetu, tukapiga kelele na kurudi nyuma tukicheka. Ndipo mwanangu akaninong'oneza, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Mama, mzimu umevaa soksi zako."

Kisigino cha kushoto, uzi wa kijani.

Nilimziba mdomo. Baba alizikwa masika yaliyopita, ndiyo maana leo nathubutu kuliandika hili. Nyumbani alikuwa akiinuka kwa kushika kiuno, "Aisee, nyinyi, nipisheni." Pale alikuwa anaruka juu, anatua bila kishindo, njuga zikiitikia ngoma. Sikuwahi kujua kwamba baba yangu alikuwa mzuri namna ile. Nililia, nikasingizia vumbi.

Ngoma ikanyamaza. Mtangazaji, kijana wa mjini mwenye suruali ya mitumba iliyopigwa pasi, akashika kipaza sauti. "Mshindi ndiye huyu! Asogee, avue kinyago, apige picha na mgeni rasmi. Siri za nini, ndugu zangu? Mambo sasa ni soko huria!"

Lipiko likasimama palepale.

"Bila sura hakuna mabati," akasema, akacheka, akaenda kulishika lile lichwa la mti.

Sikufikiri. "Toa mkono wako!" nilipiga kelele. "Mshenzi wewe! Akina mama, geukeni!"

Bibi mmoja pembeni yangu, hata hanifahamu, akadakia, "Hamsikii? Geukeni!" Tukageuka wote, tukampa mgongo mgeni rasmi na picha yake. Nyuma yetu njuga zikaanza kutembea, polepole, zikaenda zikipungua mpaka hazikusikika tena.

Angeweza kuvua, hatumwoni. Lakini mabati yangefika nyumbani kwetu, na kila mwanamke angejua yametoka wapi. Wakapewa wacheza sindimba. Yule mtangazaji sijamsamehe.

Jioni jua bado lipo, Baba akaingia kutoka "Newala".

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lipiko mmeliona?"

"Tumeliona."

"Likacheza?"

"Lilicheza mpaka nikalia."

Alitazama miguu yake muda mrefu. "Na mabati?"

"Wamechukua wengine."

"Aa."

Mwanangu akafungua mdomo aseme. Nikamtia kipande cha muhogo.

"Bei ya korosho je, baba?"

"Mh. Wanasema wataitaja."

Asubuhi yake niliamka nikakuta madumu hayapo mlangoni. Kwetu maji ni kazi ya wake na mabinti, mwanamume mzima hashuki. Nilimkuta Baba pale mtelemko unapoishia, anapanda na mzegazega begani, dumu mbele, dumu nyuma, anahema. Wanawake waliokuwa wanashuka walimwamkia, na hakuna aliyemcheka. Nilimpokea dumu moja. "Kiuno, baba?" "Kiuno kipo," akasema.

Soksi nilizikuta sandukuni, zimekunjwa vizuri, zimejaa vumbi jekundu. Nilizifua kwa maji yale.