Leso Sita za Mto Riana

Enzi zetu mtoto wa kike alijua kubeba kibuyu kichwani kabla hajajua kusoma jina lake, na mimi hadi leo kibuyu nakibeba vizuri kuliko ninavyosoma. Shule niliacha darasa la tatu. Lakini majina ya watu hayajanitoka hata moja. Kwa hivyo ninyi mliokunywa uji wa mtama pamoja nami kwa zile bakuli za bati, sikilizeni, mseme kama nimekosea.

Juzi mjukuu wangu, ambaye jina lake ni Dorsila lakini mwenyewe anataka aitwe Didi, hata daftarini huandika Didi, alikuja kwangu mimi Dani wake, nyanya yake, na simu mkononi.

"Dani, mwalimu anataka insha ya shujaa. Nimepata mmoja hapa, ameruka kutoka kwa ndege!"

"Na aliyemfunga mwavuli mgongoni anaitwa nani?"

Akatafuta, akatafuta. Simu haikujua.

"Weka hiyo kitu chini," nikamwambia, "nikupe shujaa ambaye hakuruka popote."

Nakumbuka siku za soko la Rodi Kopany. Mama zetu walitoka asubuhi na viazi vitamu kwenye vikapu, sisi watoto tukabaki na nyoyo ya jana, mahindi na maharagwe yaliyopoa, tamu kushinda keki zenu hizi. Mchana tulishuka mto Riana kuchota maji. Wakati huo hakukuwa na daraja, tulivuka kwa mawe, na mchezo wetu mkubwa ulikuwa kuvuka na kibuyu kichwani bila kukishika. Mama alikuwa akisema, "Atieno, mto si rafiki wa umri wako." Nilimsikia kama mnavyosikilizwa ninyi na wajukuu wenu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yamefika kwenye midomo ya mawe. Akinyi wa Ogutu alivuka salama, akageuka akanitolea ulimi. Basi, mimi ningekubali? Jiwe la nne likanitupa. Kibuyu kilienda zake, mimi nikanasa kwa gogo katikati ya mto, maji yakiingia puani, kidole kimoja kimoja kikiachia.

Ojwang' wa Oloo, yule mpiga mieleka, alikuwa anarudi kutoka sokoni na kuku wawili. Akamsukumia mzee Owuor, aliyekuwa ukingoni, wale kuku, akavua shati, akaingia. Hapo Ojwang' ni mwanaume, sitamnyima. Alinifikia, akanishika. Lakini kurudi akashindwa, mto ulikuwa unatuvuta sisi wawili. "Kamba!" akapiga kelele. "Leteni kamba!" Kamba itoke wapi?

Ukingoni walikuwa wamesimama wanawake sita kutoka sokoni. Wilikista alitoa leso yake mabegani. Pilista akaongeza, Rael, Yunia, Peres. Ni Peres aliyefunga mafundo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifunga nyasi za kuezekea, na fundo lake halikuwahi kumwangusha mtu. Wakarusha. Leso tano hazikufika.

Wa sita alikuwa Dorsila, aliyeolewa juzi tu kutoka Suna, kule Migori. Wale wengine walikuwa na magauni chini ya leso. Dorsila alikuwa na gauni moja, na asubuhi alikuwa amelifua. Chini ya leso yake palikuwa na shimizi tu. Na yule mzee Owuor, aliyesimama pale na kuku wawili, alikuwa baba mkwe wake. Ninyi mnajua kwetu: mke hata kula mbele ya baba mkwe hali, seuze kusimama na shimizi. Alimwangalia mzee. Akaniangalia mimi. Akafungua.

Leso sita zikafika. Wanawake wakavuta.

Kijiji kizima kikaimba Ojwang'. Na Dorsila je? Waliimba shimizi yake. Mawifi walisema mke wa namna hiyo arudi kwao Suna, ameshatia boma aibu. Akaacha kushuka mtoni, akawa anapika huku amefunga mlango. Mama alimkuta amekunja vitu vyake vyote kwenye kikapu, akingoja tu mtu aseme "nenda."

Baba yangu alichinja mbuzi kumshukuru Ojwang'. Mpiga nyatiti akaja na kinubi chake cha nyuzi nane, na pakruok ikaanza: mtu anainua mkono, nyatiti inanyamaza, anajisifu au anamsifu rafiki, kisha ngoma inaendelea. Ojwang' alijisifu mara tatu. "Mimi Ojwang', mamba akiniona ananiamkia!" Tukacheka hadi nyama ikatupalia.

Ndipo Dani yangu mimi, nyanya Mikal, akainua mkono. Nyatiti ikanyamaza. "Mimi namsifu Wilikista. Namsifu Pilista. Namsifu Rael, na Yunia, na Peres mwenye fundo. Na namsifu Dorsila, nyar Suna, binti wa Suna, aliyemaliza kamba."

Kicheko kikaanza upande wa mawifi. Mzee Owuor akasimama. Watu wakajua Dorsila kwisha.

"Siku ile," akasema, "mimi nilishika kuku wawili na macho yangu yote yalikuwa kwa mtoto. Kama kuna mwanaume aliyekuwa anaangalia shimizi, asimame tumjue."

Nani asimame! Kisha Ojwang' akaruka. "Bila leso hiyo mimi ningekuwa nimeshafika Migori, nikielea! Mpigaji, rudia hilo jina!" Nyatiti ikarudia, Dorsila, nyar Suna, na vigelegele vya kwanza vilitoka kwa wale wale mawifi. Dorsila akatoka jikoni kwa mama, alikokuwa akipika amejificha, na masizi mikononi, akalia, akacheza. Kikapu chake kilifunguliwa usiku huo. Aliishi boma hilo hadi akazikwa hapo, mama wa watoto saba, na binti yangu alipozaa msichana sikuuliza mtu jina.

Siku hizi Riana una daraja, na mtoto akianguka watu kumi watatoa simu. Picha itamwonyesha anayeruka. Mkono uliofunga fundo hautaonekana. Enzi zetu hatukuwa na picha, lakini tulikuwa na mtu wa kuinua mkono nyatiti inyamaze.

Jana mjukuu alirudi. Mwalimu alimsimamisha asome mbele ya darasa, majina yote sita, akapigiwa makofi. Akanipa karatasi niishike. Mimi wa darasa la tatu nilipitisha kidole pale juu, mahali pa jina la mwanafunzi, nikitafuta Didi.

Hakuwepo. Palikuwa pameandikwa, kwa herufi kubwa: DORSILA.