Ukiingiza Picha Moja, Toa Moja

Najua msichana wa kidato cha nne akisema "enzi zetu" watu wazima watacheka. Wacheke. Sisi tuliokulia kijijini Mpapura tukigombania simu ya mama tunaelewana.

Enzi zetu simu ya nyumba ilikuwa moja, ina ufa kwenye kioo, na ilikuwa imejaa. Imejaa kaswida, imejaa harusi ya mama mdogo, na mama hakukubali kifutwe kitu. Mimi nilipewa nafasi ya picha moja. "Ukiingiza moja, toa moja," mama alisema. "Simu si ghala la korosho."

Siku hizi watu wananiita niwapigie picha za mahafali na maulidi, na wananiuliza nilisomea wapi. Nilisomea kwenye ile nafasi moja. Huwezi kufyatua ovyo. Unaangalia kwanza jua liko upande gani. Unamsogelea mtu kwa miguu, kwa sababu ukivuta kwa vidole picha inakuwa uji. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi lilipoganda kila mahali, nilifuta kamera kwa pindo la kanga ya mama. Halafu unabana pumzi. Mara nyingi niliangalia, nikapima, nikaondoka bila kupiga. Wenzangu wakicheza kombolela, mimi nimechuchumaa namtazama kuku. Mama alisema nina wazimu wa kimyakimya. Nilikuwa na aibu tu, na mtu aliyeshika simu hakuna anayemuuliza mbona haongei.

Picha niliyoitaka kuliko zote ilikuwa ya Bibi Somoe, mama yake mama, akicheka. Bibi hakuwa na meno ya mbele, akiona kamera anafunika mdomo. Nilikaa naye nje ya jiko siku baada ya siku mpaka akanisahau. Asubuhi moja anamenya muhogo, jogoo akarukia ungo akaanguka nao kifudifudi. Bibi akacheka mdomo wazi, ufizi nje, machozi yanamtoka, jua likimpiga shavu la kushoto. Nikafyatua.

Baada ya hapo sikupiga tena. Nilizunguka na simu nikitazama tu, maana kila kitu nilichokiona hakikumfikia Bibi.

Kisha Neema akahama. Baba yake alikuwa mwalimu wetu, mtu wa Mbeya, akapata uhamisho wa Tabora. Neema ndiye rafiki pekee niliyeweza kuzungumza naye bila kutazama chini. Siku ya kuondoka, magodoro yameshafungwa juu ya gari, akaniambia, "Na mimi nipige basi, usije ukanisahau."

Nikakimbilia jikoni.

"Bibi, nikimpiga Neema, wewe unafutika."

"Nifute. Anayeondoka ni mimi?"

"Lakini hutacheka tena vile."

"We mtoto! Kwani kucheka kunaisha kama mboga?"

Nikamfuta. Neema akasimama kando ya gari akijikaza asilie. Nilimsubiri mpaka akachoka kujikaza, ndipo nikapiga. Ile picha ninayo hadi leo, na ni nzuri.

Sasa mdogo wangu Shabani, wa darasa la sita, ana simu aliyorithi kwa mjomba. Anapiga wali kabla hajaula, sahani moja picha kumi. Ukimwomba akuonyeshe ya jana, anatafuta mpaka wali unapoa. Na Bibi amekuwa nyota. Mjomba wa Dar alimwekea meno ya bandia, na tangu hapo hafuniki tena mdomo. Akiona simu tu, anakaa sawa, shingo imenyooka kama mgombea udiwani. Shabani ana picha zake hazina idadi. Zote anatabasamu vilevile.

Juzi nimerudi likizo kutoka bweni nikamkuta Bibi uani anakula ming'oko, vile viazi vya porini, meno kayavua kayatia kwenye kikombe. Anasema ming'oko hailiki kwa meno ya dukani. Shabani akachungulia kikombe.

"Bibi, mbona chai yako inanichekea?"

Bibi akaangua kicheko, ufizi wote nje, mpaka akashika mbavu. Nilikuwa na simu yangu mkononi, ina nafasi ya kuingiza kijiji kizima. Lakini kazi za watu zimenitia desturi nyingine: simpigi mtu bila kumwomba.

"Bibi, nikupige hivyo hivyo?"

"Subiri," akasema, mkono umeshafika kwenye kikombe, "nivae meno."

Nikasubiri. Akavaa, akapangusa midomo kwa kanga, akanyoosha shingo. Nikapiga. Picha imetoka safi sana, kila jino linaonekana.