Nani alikuwa anamlisha mbwa wetu? Nachingwea, miaka ya hamsini

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Kwa umri huu sina cha kupata kwa kudanganya.

Nilikuwa nimeoa juzijuzi, mke wangu Somoe. Tulilima mtama na ufuta nje kidogo ya Nachingwea, njia ya kwenda Kilimarondo, jirani na kambi ya wafanyakazi wa karanga.

Mradi wa karanga wa Wazungu ulishakufa. Watu wameondoka, nyasi zimefika milangoni.

Nguruwe walikuwa wanatumaliza shambani, nikatafuta kitoto cha mbwa. Tukamwita Shupavu.

Somoe alimpikia uji wa mtama na vichwa vya ng'onda, wale samaki wakavu. Mwanzoni alikula vizuri. Baadaye akawa ananusa tu na kugeuka.

Hali chakula, lakini ananenepa.

Wanaofuga mtanielewa. Tumbo linaburuza, mbavu huzipati hata ukibonyeza, akitembea kidogo anahema. Na chui walikuwepo. Mbwa asiyeweza kukimbia kule alikuwa kitoweo.

Somoe akasema, "Mume wangu, huyu analishwa. Na huku hakuna mtu."

Adhuhuri moja nikamfuata. Akakata nyasi moja kwa moja mpaka kambini, nyumba ya mwisho. Nikasikia vyombo vinagongana.

Wakuu, ndani kumefagiwa. Mkeka mrefu umetandikwa, sahani za bati zimepangwa, ugali unafuka moshi. Hakuna mtu. Shupavu anakula, anahamia sahani ya pili.

Akatokea mzee na bakuli la kunde. Nikamtambua: Mzee Saidi, aliyekuwa mpishi wa kambi. Mzee hakumwona mbwa kabisa, ingawa alipita karibu amkanyage.

"Kaa na wenzio," akaniambia. "Siku hizi wanakula vizuri. Zamani walikuwa wanabakiza."

"Wenzangu gani, mzee?"

Akanyoosha mkono kwenye mkeka mtupu, akaanza kuwataja. Katikati akamtaja kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa ameshauawa na trekta palepale kambini.

Nilimbeba mbwa, nikaondoka bila kuaga.

Nilipomsimulia Somoe alilia. "Usimwambie kwamba hakuna mtu," akasema. "Utamuua."

Tukawa tunamfunga Shupavu. Uji kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, na mbio shambani pamoja na mimi. Akapungua taratibu mpaka mbavu zikawa zinagusika bila kuonekana. Alikuja kuwa mbwa wa kazi kweli.

Lakini Somoe hakutulia. Mzee akiona sahani zimebaki na chakula, itakuwaje? Akanituma nikamwangalie.

Shupavu nilimwacha kwenye kamba. Nilimfunga mwenyewe.

Nilimkuta Mzee Saidi anakusanya sahani. Zote tupu. Uwanja umefagiwa, na juu ya mchanga hapakuwa na unyayo wowote isipokuwa wake na wangu.

"Kaka yako anauliza," akasema, "mbona siku ile uliondoka bila kula?"

Nikakaa mkekani. Akanipakulia. Nikala, wakuu, na pembeni yangu nikaacha nafasi ya mtu mmoja.

Nilichojifunza: kitoto cha mbwa mpe kidogo kidogo, mpapase mbavu kwa mkono, macho yanadanganya. Na akinenepa bila kula kwako, mfuate.

Wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa, kama wazee wenu waliwahi kuitaja kambi ile, semeni hapa. Mimi mpaka leo sijui zile sahani zilimalizwa na nani.