Aliyekuja Kuuliza Misumari ni ya Nani

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana, sijalewa wala siumwi. Ukitaka kubisha, njoo kijijini kwetu Itilima, huku pembeni mwa pori la akiba, ubishie hapahapa.

Tembo wanatusumbua, si siri. Kikundi chetu kilifundishwa: tunaloweka vitambaa kwenye oili chafu na pilipili, tunavitundika kwenye kamba kuzunguka mashamba. Wakija tunamulika tochi na kupiga honi, na tunawaachia njia ya kurudi porini. Jirani yangu Maduhu alitucheka, akasema pilipili ni ya mboga. Akapigilia misumari kwenye mbao, akazifukia palepale wanapopita. Njia hiyohiyo watoto wetu wanapitisha mbuzi.

Binti yangu Kabula akakanyaga. Mguu ukaoza, hospitali ya Bariadi wakaukata chini ya goti. Maduhu alisimama mkutanoni akasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya! Na mbao hakuzitoa, akaongeza nyingine. Nilimchukia mtu yule mpaka usingizi ukanikimbia.

Basi alasiri moja, jua bado kali, akaja mwanamke nisiyemjua, mrefu, mnene, vumbi mwili mzima, anachechemea. Akaomba maji. Niamini, alimaliza ndoo tatu. Nikamtazama mguu: msumari wa inchi sita umezama wote kwenye unyayo. Nikauchomoa kwa koleo. Hakulia. Ila ardhi niliyokalia ilinguruma, nikaisikia mpaka kwenye mifupa.

Akaniuliza, "Nani anapigilia hii?"

Wewe ungenyamaza? Mimi nilimtajia jina, na nyumba nikamwonyesha kwa kidole.

"Nimfanye nini?"

"Asife," nikasema. "Nataka nimwone akichechemea."

Akashukuru, akaenda zake. Nilipoangalia vumbi alikopita, hapakuwa na unyayo wa mtu. Zilikuwa nyayo za tembo, pana kama ungo, na mguu mmoja umegusa chini kidogo tu.

Kabla hakujapambazuka, ukuta wa Maduhu ulianguka. Tulimfukua kwenye matofali akiwa mzima, isipokuwa mguu wa kulia umesagika chini ya goti, kama wa Kabula. Magunia ya mahindi yalikuwa ndani, hata hindi moja halikuguswa. Umewahi kusikia wapi tembo anabomoa nyumba halafu anaacha mahindi?

Siku hizi Maduhu anapita mbele ya nyumba yangu akichechemea na gongo lake. Namwamkia, "Mwangaluka," naye anaitika bila kuniangalia. Mguu wa mwanangu haujarudi, lakini usingizi wangu umerudi, siwezi kukudanganya.

Nawe uliyefukia misumari njiani, kaifukue leo hii. Yule mama bado anazunguka vijijini, anaomba maji, anauliza. Na huko kwenu yupo mzazi kama mimi. Akiulizwa, atakutaja.